Kabla hujafunga begi, taja deni

Juzi usiku nilikuwa nakata vitenge vya sare ya harusi, simu ikaita mlio wa ujumbe. Dada mmoja wa Chumbageni, hapa hapa Tanga: "Dada, mume kaniacha jana. Mambo ya madeni. Nimeshafunga mabegi, kesho naondoka na mdogo, mkubwa namwachia babake. Niombee."

Niliweka mkasi chini. Mwaka 2014 niliondoka Makorora hivyo hivyo, begi begani, mtoto wa miaka mitano mkononi, na wa miaka kumi na mmoja nikamwacha kasimama mlangoni.

Dua nimemwombea. Lakini nina na maneno, na haya ni yenu nyote.

Wakati ule nilikuwa na cherehani moja barazani. Najua wewe unayesoma hapa una hamu ile ile niliyokuwa nayo: fremu yako mwenyewe, jina lako juu ya mlango, usimwombe mtu nauli. Nikaingia mkopo wa kikundi, hii tunayoiita kausha damu. Sh 800,000, rejesho Sh 65,000 kila Jumanne kwa wiki 16. Piga hesabu uone unarudisha ngapi. Dhamana ilikuwa vyombo vya ndani, na nusu ya vyombo hivyo alinunua baba watoto. Sikumwambia. Yeye alikuwa dereva wa lori, analala Horohoro siku nne tano kwenye foleni ya mpakani, na mimi nilijua nikimwambia atakataa. Bibi yangu alikuwa akisema mficha uchi hazai. Nilimsikia tangu mdogo, nikadhani anazungumzia uzazi tu.

Biashara ilikwenda wiki sita. Wiki ya saba mteja wa sare akanipiga chenga na fedha ya vitambaa vyote, nikakopa kwingine kulipa kwa kwanza. Aliyepita njia hiyo hahitaji nimsimulie. Rejesho mbili kwa wiki, unaanza kuujua mlio wa pikipiki ya afisa mikopo ukiwa ndani umezima taa.

Wakaja Alhamisi asubuhi. Wanakikundi wenzangu, wanawake niliokula nao pilau ya harusi, walibeba friji, kabati la vyombo na cherehani. Baba watoto alirudi jioni ile. Kabla hajafika mlangoni alikuwa ameshasimuliwa na watu watatu. Alikaa pale ilipokuwa friji, akaniuliza swali moja: "Nani mwingine alikuwa anajua?"

Nikamwambia, kikundi kizima.

Hakupiga kelele. Mpaka leo naamini angepiga kelele tungepona. Kilichomkata ni kwamba wanawake ishirini wa mtaani walijua jambo la nyumba yake, na yeye mwenye nyumba hakujua. Jumamosi akachana karatasi kwenye daftari la hisabati la binti yetu, lile lenye vyumba vyumba, akaandika talaka moja. Magharibi nilikuwa stendi natafuta gari la Pangani, kwa mama.

Watu wakiulizwa ndoa zinavunjwa na nini, wanataja mchepuko, mawifi, kipigo, pombe. Yapo yote. Lakini tangu nianze kuandika hapa, wanaonitumia ujumbe wengi wao ukiwachimba kidogo unakuta fedha iliyofichwa. Mke kaficha mkopo, mume kaficha kiwanja, mume kaficha kwamba kazini kasimamishwa miezi mitatu na kila asubuhi anavaa shati anatoka. Ugomvi wa mawifi unakuja juu ya hapo.

Sasa sikilizeni makosa yangu, maana nilikuwa mjinga wa dini yangu na wa sheria ya nchi yangu kwa siku moja.

Talaka ile ilikuwa rejea, yaani mume anaweza kumrudia mkewe kabla eda haijaisha. Surat At-Talaq, aya ya kwanza kabisa, inakataza wanawake kutolewa nyumbani mwao, na wao kutoka, mpaka eda iishe. Nilikuwa na haki ya kukaa mle mle, nile chakula chake, twahara tatu za baada ya hedhi zipite, na katikati yake tuonane usoni kila siku. Surat An-Nisaa aya ya 35 inataka mwamuzi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Hakuna aliyeitwa. Mjomba wangu yuko Duga, nauli ya daladala tu, alisikia habari baada ya wiki mbili.

Na serikali nayo ndivyo isemavyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka shauri la talaka lipite kwanza baraza la usuluhishi, liwe la kata au la BAKWATA kwa sisi Waislamu, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Nilipokwenda Mahakama ya Mwanzo kutaka tugawane kiwanja chetu cha Pongwe, karani aliniuliza karatasi ya baraza. Nilimwonyesha ya daftari. Akanirudishia taratibu, akanionea huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tusi.

Mtaani utaambiwa pia kwamba mke wa nyumbani ana haki katika mali, tangu hukumu ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983. Ni kweli, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango. Ila wasimulizi huishia nusu. Bi. Hawa hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha aliyokwisha kupewa na mumewe zilitumika ovyo. Nilipoelezwa hilo nilijiona mimi na Sh 800,000 zangu.

Nikiri kubwa sasa. Tuligawana watoto. Mdogo kwangu Pangani, mkubwa kwa babake na shangazi yake. Sheria inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na mtoto mwenye akili ya kuamua asikilizwe anachotaka. Yule wa miaka kumi na mmoja hatukumuuliza. Tukamgeuza tarishi: "Mwambie mama yako alete sare." "Mwambie baba yako hana haya." Alikuwa wa tatu darasani. Mtihani wa darasa la saba hakuchaguliwa.

Miaka ya Pangani siisimulii. Vitumbua, na kulia. Leo nina fremu Ngamiani, cherehani tatu, mabinti wawili nimewaajiri, na sidaiwi na mtu. Nasema kwa fahari kwa sababu nimeitolea jasho. Lakini mwezi uliopita binti yangu aliletewa posa, tukakaa mkeka mmoja na babake kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na binti akasema mbele ya wazee: "Mahari yangu muulizeni yeyote, ila nisigawanywe tena." Babake aliinama. Mimi nilitoka nje.

Kwa hiyo ndugu zangu, taja deni. Litaje likiwa elfu hamsini, kabla halijawa milioni. Litaje usiku watoto wamelala, utaje na jina la unayemdai na unayedaiwa naye. Mume, na wewe taja. Umeshaachwa? Usitoke nyumbani kabla wazee hawajakaa. Anayepigwa simhesabu humu. Kifungu cha 66 cha Sheria ile ile ya Ndoa kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, huyo atoke leo, na watoto wote, apitie Dawati la Jinsia polisi. Wengine wote, taja deni kwanza. Mungu hakuwapa watoto wale mkawagawane kama sahani.

Yule dada wa Chumbageni nilimwandikia hayo kwa ufupi, halafu nikamuuliza: mumeo anajua kiasi kamili unachodaiwa, au anajua kile kilichogundulika tu? Naona ujumbe umesomwa tangu jana asubuhi. Dada, niko macho. Nijibu hata usiku wa manane, na mkubwa usimwache mlangoni.