Maswali ya Wasomaji: Masomo na Mafunzo kwa Vitendo Mjini Berlin

Swali: Shikamoo, dada. Ninasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji mjini Berlin, na hii ni wiki ya nne tangu nianze mafunzo kwa vitendo katika kampuni moja ya ushauri wa kihandisi. Kazi ninaikamilisha kwa wakati na kila ninachoelekezwa ninakiandika, lakini Jumatatu iliyopita msimamizi wangu aliniita akaniambia kwamba haoni kama ninafuatilia, kwa kuwa kwenye vikao sisemi lolote. Mimi nilidhani kunyamaza mbele ya watu walionizidi umri na ujuzi ndiyo adabu. Tena wao wenyewe wanakosoana waziwazi bila kutakana radhi, na juzi mmoja wao alinirudishia ripoti yangu ikiwa imejaa wino mwekundu. Je, watu hawa hawanipendi, au kuna jambo ninalolikosea?
*Mwanafunzi, Berlin*

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu nami nilisomea fani hiyohiyo katika jiji hilohilo, nikafanya mafunzo ya miezi sita katika ofisi iliyoshughulikia mabomba ya maji ya mvua na maji taka, na kosa unalolihofia nililifanya mimi tena kwa ukubwa zaidi.

Bila shaka umekwisha kufundishwa jinsi mtandao wa maji taka wa Berlin ulivyo. Katikati ya jiji, kwa sehemu kubwa ndani ya duara la reli inayoizunguka sehemu hiyo, maji ya mvua na maji ya vyooni hupita katika bomba moja, kufuatana na mpango wa mhandisi James Hobrecht ambao ujenzi wake ulianza miaka ya 1870. Na mvua kubwa inaponyesha, mabomba huelemewa na uchafu hutapikiwa mtoni Spree. Kwa hiyo katika kazi yetu kosa dogo kwenye karatasi huja kuonekana barabarani. Katika wiki yangu ya tano nilipewa mchoro wa mtaa mmoja ili nihamishie vimo vya chemba, yale mashimo ya kukagulia mabomba, kwenye jedwali. Nilipofika chemba ya saba, nikaona kitako chake kimeandikwa sentimita tatu juu ya kitako cha chemba ya sita, ilhali maji yalitakiwa kutoka ya sita kwenda ya saba. Niliweka kidole kwenye karatasi nikasoma upya, nikatoa hesabu upya kwa penseli pembeni, na jibu likawa lilelile: maji yale yalikuwa yanaambiwa yapande. Lakini mchoro ulikuwa umetiwa saini na mzee mwenye mvi aliyeifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa, nami nikajiambia kwamba mtu wa namna ile hawezi kukosea jambo ambalo mwanafunzi analiona, na kwamba lazima ipo sababu nisiyoijua. Nikafuta hesabu zangu za penseli, nikaandika namba kama zilivyokuwa.

Siku chache baadaye kosa liligunduliwa na mtu mwingine, kikaoni, mbele ya watu wote. Msimamizi wangu akanigeukia akaniuliza kama sikuliona nilipokuwa naandaa jedwali. Sikuweza kusema uongo; nikajibu kwamba niliona. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Uliona, ukanyamaza. Sasa sisi tungejuaje?" Yule mzee mwenye mvi, ambaye nilidhani ninamstahi kwa kunyamaza, ndiye aliyeumia zaidi, kwani alisema angefurahi kuambiwa siku ileile, kabla jina lake halijasambazwa pamoja na mchoro mbovu.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningependa ulielewe wewe mapema kuliko mimi, kwamba katika ofisi ile kimya hakisomeki kama heshima. Mtu anayekaa kimya kikaoni huchukuliwa kuwa hajaelewa, au ameelewa lakini hajali, na tafsiri ya tatu, ile iliyomo moyoni mwako, hawaijui kwa sababu hawakulelewa nayo. Malezi yetu ya mdogo kumsikiliza mkubwa sina nia ya kuyabeza hata kidogo. Yamenifaa maisha yangu yote, na yapo mengi katika heshima yetu ambayo wenzetu wa kule wangefaidika nayo. Ila heshima ni lazima imfikie anayeheshimiwa, na katika ofisi hiyo inamfikia kwa njia ya swali.

Swali lenyewe nalo lina adabu yake, na hapa huhitaji kujigeuza mtu mwingine. Usiseme, "Mmekosea." Sema, "Nimeona kitako cha chemba ya saba kiko juu ya cha sita kwa sentimita tatu. Je, nimesoma vibaya?" Leta namba, onyesha ulipozitoa, kisha uliza. Kama ni wewe uliyekosea, utaelezwa kwa dakika mbili na hakuna atakayekumbuka kesho. Kama ni wao, utashukuriwa. Kabla ya kila kikao andika swali moja kwenye daftari lako na uhakikishe umeliuliza kabla kikao hakijafungwa, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilianza hivyo, na kwa wiki mbili za mwanzo moyo ulikuwa ukinidunda kana kwamba nasimama mahakamani. Tena muombe msimamizi wako dakika kumi kila Ijumaa ili akwambie umefanya nini vizuri na nini vibaya, maana watu hao hawana mazoea ya kusifu bila kuulizwa.

Kuhusu wino mwekundu, ufurahie. Mtu aliyesoma ripoti yako hadi ukurasa wa mwisho na kukosoa hata mkao wa jedwali amekupa saa nzima ya kazi yake. Kukosoana kwao hakubebi chuki, na utawaona haohao waliobishana asubuhi wakienda pamoja kula mchana.

Hata hivyo, nisingependa uichukulie kila kauli kuwa ni "utamaduni wao". Ukosoaji unaoigusa kazi yako ni wa kuupokea, lakini kauli inayoigusa rangi yako, dini yako au asili yako ni jambo jingine kabisa, na haikupasi kuivumilia eti wewe ni mgeni. Ujerumani ina sheria ya mwaka 2006 inayokataza ubaguzi kazini na kumtaka mwajiri awe na mahali pa kupokelea malalamiko. Likikupata, andika tarehe, saa na maneno yaliyosemwa siku hiyohiyo, kisha uende kwa washauri wa wanafunzi wa chuo chako bila kukawia, kwa kuwa madai ya fidia chini ya sheria hiyo yana ukomo wa miezi miwili.

Swali: Nimepata nafasi mbili za mafunzo Berlin, moja ya miezi mitatu bila malipo na nyingine ya miezi mitano yenye malipo. Rafiki yangu ananionya kwamba nikichukua yenye malipo nitavunja masharti ya kibali changu cha mwanafunzi. Je, ni kweli?
*Msomaji anayesoma Ujerumani*

Jibu: Rafiki yako ana nia njema, lakini amekosea pa kuanzia. Jambo la kwanza kuangalia si malipo, ni kama mafunzo hayo yameandikwa kwenye mtaala wa shahada yako au umeyatafuta kwa hiari yako. Kwenye mikataba utayakuta kwa majina ya "Pflichtpraktikum", yaani yale ya lazima, na "freiwilliges Praktikum", yaani ya hiari, na majina haya mawili yanabadilisha karibu kila kitu.

Mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa, tangu Machi 2024, kufanya kazi siku 140 kamili au siku 280 za nusu kwa mwaka bila kuomba kibali kingine. Mafunzo ya lazima hayahesabiwi humo hata yakiwa na malipo. Mafunzo ya hiari yanahesabiwa, na hapa ndipo wengi hunaswa, kwa kuwa yanahesabiwa hata kama hulipwi senti. Miezi mitano ya hiari kwa siku tano za wiki ni zaidi ya siku mia moja, kwa hiyo ukiwa na kibarua kingine pembeni unaweza kuvuka mstari kabla ya mwaka kwisha.

Malipo nayo yanafuata mgawanyo huohuo. Kima cha chini cha mshahara, ambacho tangu Januari 2026 ni yuro 13.90 kwa saa, hakimlazimu mwajiri katika mafunzo ya lazima, wala katika mafunzo ya hiari yanayoambatana na masomo, mradi mafunzo hayo yasizidi miezi mitatu. Yakizidi miezi mitatu, kima hicho kinadaiwa tangu siku ya kwanza. Sasa unaona kwa nini nafasi yako moja imekatwa pale pale kwenye miezi mitatu. Simlaumu mwenye kampuni, lakini ningekushauri uupeleke mkataba wa miezi mitano kwa ofisi ya chuo inayohusika na wanafunzi wa kigeni, uulize kama unaweza kutambuliwa kama mafunzo ya lazima, na upate jibu kwa maandishi kabla hujatia saini popote.

Swali: Mwanangu wa kwanza anaondoka kwenda kusoma Berlin mwezi wa tisa. Mimi ni mzazi, sijawahi kufika huko. Nimeambiwa lazima tuweke fedha nyingi benki na sielewi zinakwenda kwa nani. Ni yapi ya kuyatanguliza?
*Mama mzazi*

Jibu: Mama yangu, shikamoo. Fedha hizo ni za mwanao mwenyewe, hazilipwi kwa serikali wala kwa chuo. Huwekwa kwenye akaunti maalumu iliyofungwa ili kuthibitisha kwamba ataweza kujikimu, kisha benki humfungulia kiasi kidogo kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango kinachotakiwa ni yuro 11,904 kwa mwaka, ambazo ni yuro 992 kwa mwezi. Zitatosha kwa kujibana, na kodi ya chumba ndiyo itakayozimeza.

Kwa hiyo chumba ndicho kitu cha kukitanguliza kuliko vyote. Akishahamia, sheria inampa wiki mbili kujiandikisha ofisi ya wakazi, na huko hapokelewi bila barua iliyotiwa saini na mwenye nyumba inayothibitisha kwamba anaishi pale. Wapo wapangishaji wanaochukua fedha na kukataa kutoa barua hiyo, na mtoto akajikuta hana namba ya kodi ya mapato na mambo mengine mengi yamekwama. Aulize kuhusu barua hiyo kabla ya kuuliza kuhusu dirisha au kitanda. Na tafadhali, msitume amana kwa mtu ambaye chumba chake hakuna aliyekiona kwa macho, hata akituma picha nzuri za namna gani. Bima ya afya naikumbusha tu. Bila hiyo chuo hakimsajili.

Mwisho, mama, jiandae kwa mwezi wa kumi na mbili. Katikati ya mwezi huo jua la Berlin huzama kabla ya saa kumi alasiri, na kijana aliyeizoea jioni ya saa kumi na mbili huanza kulala hovyo na kukosa hamu ya chakula bila kujua sababu. Wakati huo Berlin huwa nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili. Mpigie simu adhuhuri yake, umwambie atoke nje atembee wakati mwanga upo, na umuulize amekula nini. Mama yangu alikuwa akiniuliza hivyo kila Jumapili, na zipo Jumapili ambazo nilipika kwa sababu tu nilijua ataniuliza.

Swali: Shahada yangu inafundishwa kwa Kiingereza. Je, kuna haja ya kujisumbua na Kijerumani kwa miaka miwili tu?
*Msomaji*

Jibu: Ipo. Darasani utapita bila Kijerumani, lakini mazungumzo ya jikoni ofisini, mahali ambapo mtu hutajiwa nafasi ya kazi kabla haijatangazwa, huendeshwa kwa Kijerumani. Anza na namna mbili za kumwita mtu: "Sie" kwa usiyemzoea na "du" kwa mliyezoeana. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hatupati tabu kuelewa kwamba lugha inaweza kupima umbali kati ya watu. Tofauti ni kwamba kwao anayekuzidi ndiye hufungua mlango wa "du", nawe unamsubiri. Nami hufarijika kukumbuka kwamba njia hii ilikwisha kukanyagwa kwa upande wa pili: Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka pande za Bagamoyo, alikuwa akiwafundisha Wajerumani Kiswahili mjini Berlin tangu mwaka 1900, wao wakiwa ndio wanaohangaika na ngeli.

Utakihitaji Kijerumani pia siku ya kuondoka. Kila anayemaliza mafunzo ya hiari ana haki ya kupewa hati ya utumishi inayoitwa "Zeugnis", na hati hiyo ina lugha yake ya ndani. Ikiandikwa kwamba ulifanya kazi "stets zu unserer vollsten Zufriedenheit", yaani daima kwa ridhaa yetu kamili kabisa, hiyo ni alama ya juu. Ikiandikwa "zu unserer Zufriedenheit", yaani kwa ridhaa yetu, mgeni hufurahi akaifunga kwenye bahasha, kumbe amepewa alama ya kupita kwa shida. Iombe hati wiki mbili kabla ya siku yako ya mwisho, umpe Mjerumani unayemwamini akusomee, na ukiona haifanani na kazi uliyoifanya, rudi kwa msimamizi wako ungali bado na kiti ofisini, umwombe akueleze na airekebishe.