Umeambiwa una presha? Uliza na moyo wako ukoje

Jamani, kama umepimwa siku tofauti tofauti na mashine inaleta 140 kwa 90 au zaidi, usiishie kubeba vidonge ukaondoka. Muulize daktari, na moyo wangu je?

Mimi nilipoanza dawa sikuwa na dalili hata moja, baiskeli naendesha kutoka Makorora mpaka soko la Mgandini bila kuhema. Nikaandikiwa kipimo cha umeme wa moyo na eko, yani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti; kile cha umeme hakikuonyesha kitu, eko ndo ikasema moyo unasukuma vizuri tu ila ukuta wa chumba cha chini kushoto umeanza kuwa mnene na haulegei inavyotakiwa. Nikauliza, sasa kama unasukuma vizuri shida iko wapi?

Shida ni kwamba moyo una kazi mbili, kusukuma na kulegea ili ujae damu tena. Presha ikiwa juu ule upande wa kushoto unasukumana na mgandamizo kila pigo, usiku na mchana, basi msuli unanenepa kama mkono wa mpagazi wa bandarini, lakini moyo ukinenepa unakakamaa, haujai vizuri, damu inarundikana nyuma kuelekea kwenye mapafu. Ndo hapo mtu anaanza kuhema akipanda ngazi, usiku halali mpaka aweke mito miwili, miguu inavimba. Kwa wengi wetu kulegea ndo kunaharibika kwanza, kusukuma bado kuko sawa, kwa hiyo unajiona mzima kabisa. Chumba cha juu nacho kinatanuka, mapigo yanaweza kuvurugika, damu ikaganda humo na kuleta kiharusi. Ikiachwa miaka moyo unachoka na kutanuka, ule tunaouita moyo mkubwa.

Ila kuna jambo moja lilinipa nguvu sana: presha ikishuka na ikabaki chini, ule unene unaweza kupungua. Sio kwa wiki, inachukua miezi mingi, lakini unapungua. Kwa hiyo ukiona namba zimekaa vizuri usiache dawa, zimekaa vizuri kwa sababu unameza. Na huu uvumi kwamba dawa za presha zinamaliza figo unaniumiza, mana presha yenyewe ndo inayoharibu figo.

Chumvi sasa. Shirika la Afya Duniani linasema isifike gramu 5 kwa siku, yani kijiko kimoja cha chai kwa vyote ulivyokula, na sisi watu wa Tanga na ng'onda wetu na papa mkavu tunaivuka kabla ya jioni. Roweka usiku kucha, mwaga yale maji, afu usiongeze chumvi kwenye mchuzi.

Kifua kikibana, pumzi ikikata ghafla, mdomo ukienda upande au mkono ukilegea, nenda hospitali ya Bombo saa hiyohiyo, usisubiri kukuche.