Kadi ya nauli darasani: salio likae wapi?

SWALI: Nafundisha elektroniki chuo cha ufundi, Morogoro. Wanafunzi wangu wameunda mfumo wa nauli wa mfano kwa Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta), kisomaji cha RC522 na kadi za MIFARE Classic 1K, zinazosomwa bila kuchomekwa. Salio linaandikwa kwenye kadi. Namba za simu za abiria zinabaki kwenye kompyuta, zimefichwa kwa SHA-256, hesabu inayogeuza namba kuwa msimbo usiorudishwa nyuma. Nitawaonyeshaje kama ni salama?

JIBU: Mwalimu, waache wauvunje wenyewe. Kadi hiyo ina sekta 16, kila sekta bloku nne za baiti 16, na ya nne ndiyo yenye funguo, yaani nywila za kusoma na kuandika sekta hiyo. Kadi mpya nyingi hutoka kiwandani na ufunguo FFFFFFFFFFFF. Weka shilingi 10,000 kwenye bloku namba 4 (tukihesabu kuanzia 0, ndiyo ya kwanza ya sekta ya pili). Mwanafunzi anakili baiti zake 16, anakatwa nauli ya 750 mara tano, kisha anarudisha zile baiti za mwanzo. Salio linasoma 10,000 tena.

Watakimbilia kubadili ufunguo. Wafanye, ila wajue kwamba ufunguo wa Crypto1, mfumo wa usimbaji wa kadi hii, una biti 48 tu, na mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliuvunja hadharani. Wengine watasimba salio, yaani kuliandika kwa msimbo wa siri. Haisaidii: bloku ya zamani iliyosimbwa bado ni halali ikirudishwa, hata kama mwizi haelewi kilichoandikwa ndani.

Dawa ni daftari la seva. Kila muamala upewe namba inayopanda, iandikwe kwenye kadi na kwenye seva. Kadi ikija na namba iliyorudi nyuma, ifungiwe. Basi lisilo na mtandao libebe orodha ya kadi zilizofungiwa na kuisasisha likifika karakana. Wizi hapo hauishi, bali unabanwa usizidi siku moja, na kwa nauli za mjini hilo linavumilika. Kwa mradi wa kweli, nunueni kadi za DESFire zenye AES, usimbaji imara zaidi wa ufunguo wa biti 128.

Jaribuni pia kuchomoa kadi kabla haijamaliza kuandikwa. Bloku huharibika na abiria hupoteza salio. Andikeni nakala mbili kwa zamu, kila moja na namba yake na tarakimu za ukaguzi. Kisomaji kichukue iliyo nzima yenye namba kubwa.

Hiyo SHA-256 ya simu ni pazia la chandarua. Namba zinazoanza na 06 au 07 hazizidi milioni 200. Kompyuta ya kawaida huzijaribu zote kwa dakika chache. Tumieni HMAC, yaani hesabu kama hiyo iliyoongezewa ufunguo wa siri, na ufunguo wake ukae mbali na hifadhidata. Afadhali zaidi, msichukue simu kabisa: kadi ya kulipia kabla haihitaji jina, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka mkusanye kinachohitajika tu.

Safari zenyewe nazo humtaja mtu. Data za myki, kadi za nauli za Melbourne, Australia, zilitolewa 2018 bila majina, lakini watafiti walijitambua humo, wakawatambua na wenzao, kwa safari chache tu. Kwenye ripoti, badilisheni namba ya kadi kila mwezi na andikeni saa bila dakika.