Re: miR-34a nimeweka lakini PD-L1 inapanda badala ya kushuka

Mambo mkuu. Kama nimekuelewa, umeingiza miR-34a ya kutengeneza (RNA fupi inayozuia proteini fulani zisitengenezwe) kwenye seli za saratani ya mapafu ukitegemea PD-L1 (proteini ya juu ya seli inayozubaisha kinga) ishuke ili seli T za kinga ziache kuzubaishwa, sasa imepanda. Yalinikuta hayohayo. Anza na kontroli, weka RNA isiyolenga kitu, dozi ileile, upime. Kwangu nayo ilipandisha, kumbe seli zilidhani zimevamiwa na virusi zikamwaga interferoni (proteini za kuamsha kinga dhidi ya virusi), na interferoni ndo inayopandisha PD-L1, nikapoteza wiki tatu naisingizia miR bure. Nikashusha dozi toka nanomola 50 hadi 10 mambo yakatulia. Halafu usipime masaa 24, proteini ya zamani bado imejaa juu ya seli, subiri hata 72. PCR peke yake itakudanganya pia, inapima RNA tu, si proteini. Cheki na MET, proteini nyingine inayolengwa na miR-34a, ikishuka ujue miR imefika ndani ya seli na inafanya kazi.

Ulipouliza kuhusu dawa: MRX34 ilikuwa hiyohiyo miR-34a kwenye vitone vya mafuta, majaribio kwa wagonjwa yalianza 2013 yakasimamishwa 2016 kwa madhara makali ya kinga, kwa hiyo hiyo interferoni usiichukulie poa.

Seli zako ni zipi? Hujazitaja.