Barua kwa mwanangu: asubuhi unaamkaje?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama uendelee na diklofenaki, vile vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe ulivyopewa kwa ajili ya shingo, au uviache, maana hii ni wiki ya tatu na daktari alisema kuna inflamesheni, yaani kinga ya mwili inawasha moto mahali hapo. Nitafika huko. Kwanza niambie, asubuhi unaamkaje?

Najua unacheka. Miaka 30 ya zahanati na wimbo wangu ni uleule: shingo iulize asubuhi.

Si unamjua mjomba wako anavyotoa salamu mwisho wa swala? Shingo haigeuki, anageuza mabega. Mlikuwa mkimwigiza utotoni, mimi nikiwafinya. Ila hamkujua tulivyomwita kabla hamjazaliwa: Bwana Saa Nne. Alikuwa na miaka 26, mbeba magunia sokoni, akaanza kushindwa kuamka. Alfajiri anatambaa na ukuta kama kikongwe, ikifika saa nne amenyooka, jioni yuko uwanjani anapiga mpira. Nani angemwamini? Bibi yako alisema ni uvivu. Lile jina nililitunga mimi. Mimi, muuguzi! Tena nikamwambia kama kweli anaumwa basi alale, na kulala ndiko kulikomkakamaza.

Ilipita miaka 6 ndipo akapigwa eksirei ya nyonga. Kinga yake ya mwili ilikuwa ikishambulia pale kano zinaposhikana na mfupa, na mwili ukajibu kwa kuotesha mfupa mpya. Ulianzia chini ukapanda. Pingili za shingo zikaungana, basi.

Maumivu ya namna ile huzidi ukilala na hupungua ukitembea, na ukakamavu wa asubuhi hudumu zaidi ya nusu saa. Ya kukaa kwenye kompyuta mara nyingi huenda kinyume, jioni ndiyo mbaya. Shingo iulize asubuhi, nimesema.

Lakini usijipe ugonjwa wa mjomba. Kwa watu wetu ni nadra, ndiyo maana ulitupita machoni. (Hapo najitetea, najua.) Wewe umetaja ganzi inayoshuka mpaka kidole gumba, na hiyo inanipeleka kwenye diski, kile kimto laini kati ya pingili na pingili. Ute wa katikati ya diski hauna mishipa ya damu, kwa hiyo askari wa mwili hawajazoea kukutana nao. Ukivuja, wanauona mgeni. Wanamwaga kemikali zao, TNF na wenzake, na mshipa wa fahamu unaopita jirani unawaka moto bila kosa. Ila askari haohao ndio wanaoula ule ute kidogo kidogo, na wengi hupona bila kisu.

Hapo ndipo ninapogombana na nafsi yangu. Kama wanaoleta maumivu ndio wanaofagia, kwa nini tunawafukuza kwa vidonge? Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waliandika kwamba wenye maumivu ya mgongo waliomeza dawa za aina hii walielekea zaidi kubaki na maumivu ya muda mrefu. Nilipolisoma nikasema, ehe! Halafu nikajirudi: ule ni mgongo, si shingo, na kuonekana pamoja si kusababishana. Na mjomba wako je? Vidonge hivihivi ndivyo vilivyomrudisha kazini.

Kwa hiyo ulimi unaniwasha kusema acha, lakini sisemi. Sijakushika shingo. Ninachokuambia ni kwamba wiki tatu za vidonge hivyo bila kupima presha na figo ni kujichezea, na kuvimeza huku unaruka chakula cha mchana, kama ninavyokujua, ni kulichezea tumbo. Rudi kwa daktari, umweleze asubuhi zako na hicho kidole. Mkono ukilegea, miguu ikiwa mizito, mkojo ukigoma, au homa ikija na shingo ngumu, usingoje miadi. Nenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mjomba yuko hapa barazani. Amegeuza kiti kizima ili anione ninavyoandika. Nimemsomea ujumbe wako, ameuliza kitu kimoja tu: unanyooka saa ngapi? Nimeshindwa kumjibu, na nimeshindwa kumtazama.

Mama yako