Hatua 5 au hatua ya 5?

SWALI: Mimi ni fundi wa laini za kilovolti 33. Kwenye daftari la zamu niliandika hivi kuhusu regyuleta, mtambo unaopandisha na kushusha volteji ya laini: "Kidhibiti kimepoteza nafasi ya tepu. Kinasema regyuleta imepanda hatua 5, saa ya kwenye tangi inasema hatua 8. Nimeirudisha nyutro." Msimamizi alinirudishia daftari akasema haelewi, na mtu wa stoo akauliza ni tepu gani iliyopotea. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, kazi uliifanya. Maneno ndiyo yamekuangusha, tena neno dogo kuliko yote: "ya".

"Hatua 5" ni idadi ya mwendo. "Hatua ya 5" ni mahali ulipofika. Mtu aliyeanzia ngazi ya tatu akapanda ngazi tano hayuko ngazi ya tano, yuko ya nane. Regyuleta yako nayo ni ngazi: hatua 16 juu ya N (nyutro, mahali pa katikati) na 16 chini yake, kila moja ikiongeza au kupunguza asilimia 0.625 ya volteji, hivyo hatua zote 16 ni asilimia 10. Saa ya kwenye tangi huonyesha kwa mshale wake hatua iliyopo. Kidhibiti, kifaa kinachoiamuru regyuleta ipande au ishuke, hakiioni ngazi hiyo. Kinahesabu: kila mota inapohamisha hatua moja, kontakti, yaani swichi ndogo, hukipa taarifa, nacho huongeza moja au hutoa moja.

Sasa isome sentensi yako kwa macho ya fundi atakayeingia zamu baada yako. Ikiwa regyuleta ilikuwa hatua ya 3 juu, kisha sanduku la kidhibiti likabadilishwa na lile jipya likaanza kuhesabu kwenye N, basi imepanda hatua 5 kweli na hesabu ya mwendo ni sahihi. Kilichokosewa ni pa kuanzia. Lakini ikiwa vyote viwili vilianzia N, saa ikafika 8 na kidhibiti kikafika 5, hatua tatu hazikuhesabiwa, na hapo fundi akaangalie kontakti na waya zake. Ni hitilafu mbili tofauti, na daftari lako halimwambii aanzie ipi. Ungeandika "kidhibiti kinasoma hatua ya 5 juu, mshale uko hatua ya 8 juu", angejua kwamba unasema vilipo na si vilikotembea. Kisha uongeze vilianzia wapi, kama ulijua.

"Kimepoteza nafasi" iache kabisa. Kwa Mswahili, anayepoteza nafasi ni aliyeitwa kazini akachelewa, au mshambuliaji aliyepaisha mpira golini. Tunalo neno linalofaa zaidi: kupotewa. Karani anayehesabu magunia yanayoshuka kwenye lori, akiitwa pembeni mara moja, akirudi husema "nimepotewa na hesabu". Hawezi kuendelea kwa kubahatisha, inabidi arudi mwanzo. Kidhibiti nacho ni vivyo hivyo: kimepotewa na hesabu, na dawa yake ni kuirudisha regyuleta N, kisha kidhibiti kianze upya.

Tepu nayo, kutoka "tap" ya Kiingereza, imekuja kwa njia yake ya kawaida, kama benki na stempu, lakini jina hilo lina mwenyewe. Ni ile tepu ya kufungia waya, na ile ya kupimia. Mtu wa stoo alikuwa na haki ya kuuliza. Hapa "hatua" inatosha. Ukilazimika kutaja waya wenyewe, sema waya unaotoka kwenye koili.

Imebaki nyutro, na hapa nakuomba uwe mwangalifu kuliko kote. Kwa mafundi wa umeme nyutro kwanza ni waya. Wengine hukimbilia "sifuri", nami siipendi, kwa kuwa "regyuleta iko sifuri" inaweza kusikika kana kwamba hakuna umeme. Ikiwa N, regyuleta inapitisha volteji yote ya laini, ila haipandishi wala haishushi. Andika kilichoandikwa kwenye saa: mshale uko N. Tena useme umethibitisha kwa njia mbili, mshale na taa ya N, si kwa namba ya kidhibiti ambacho tayari kimepotewa na hesabu. Atakayefunga swichi ya kuiruka regyuleta wakati haipo N atapiga shoti sehemu ya koili, na mkondo utakaozunguka hapo unaweza kuharibu mtambo na kumuumiza aliyesimama chini yake.

Kama uliyafanya hayo yote, daftari lisomeke hivi: "Kidhibiti kimepotewa na hesabu ya hatua. Kilisoma hatua ya 5 juu, mshale ulikuwa hatua ya 8 juu. Nimeshusha regyuleta hatua 8, mshale uko N, taa ya N imewaka, nimekianzisha kidhibiti upya. Kontakti ya kuhesabu haijakaguliwa."