"Mama, nimetawadha?"

Kwa karibu miaka mitatu nilimuuliza mama yangu swali hilo kila kipindi cha sala, si mara moja. Natoka bafuni maji yanachuruzika vidoleni, nasimama mlangoni: "Mama, kisigino kimepata maji?" Naye yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, ananijibu kwa upole: "Kimepata, mwanangu, nimekuona." Moyo unatulia. Nikifika kwenye msala, kabla sijahirimia, linanijia jingine: je, kama hakutazama vizuri? Narudi bafuni.

Huku kwetu Lamu neno tunalo. Mtu wa namna hii tunasema ana wasiwasi: wasiwasi wa udhu, wa najisi, wa nia. Kwa kuwa neno lipo, nami nikaridhika kwamba ni udhaifu wa imani tu. Niliowaeleza waliniambia nizidishe dhikri. Nilizidisha, nikaanza kuzihesabu, na nikikosea hesabu naanza upya. Kumbe nimeupa chakula kipya ugonjwa ambao baadaye niliambiwa unaitwa OCD, wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kurudiarudia.

Nilizinduka kwenye arusi ya binamu yangu. Aliyekuwa akitupaka hina alinishika kiganja, akakigeuza kwenye taa, akaniuliza: "Mikono hii wafulia mji mzima?" Ngozi ilikuwa imepasuka katikati ya vidole, na hina ilipoingia kwenye mipasuko niliuma meno. Nilimjibu ni sabuni mbaya. Usiku ule nilijihesabia: udhu wa alfajiri peke yake ulinichukua dakika 40, na tangi la nyumbani lilikuwa likiisha kabla ya siku yake. Maji yetu yanatoka kwenye visima vya kijiji cha Shela, chini ya vile vilima vya mchanga, na kila mtu mjini anajua si ya kuchezea. Mimi nilikuwa nayamwaga huku nalia.

Kituo cha afya cha kwanza nilichokwenda nilipewa mafuta ya ngozi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nanawa. Nasikitika kwa hilo mpaka leo, maana nilikaa mwaka mzima mwingine kabla sijavuka maji hadi Mokowe, bara, na kupanda basi la Mombasa kumwona daktari wa akili. Yeye aliniuliza mawili tu ya mwanzo. Kwa siku, mambo haya yanakuchukua muda gani? Na ukishafanya, utulivu unakaa mpaka wapi? La kwanza nilihesabu kwa vidole, nikafika saa nne. La pili nilijibu: "Mpaka kwenye msala."

Ndiyo maana nawaandikia. Wengi hunitazama wakasema hata mimi hurudi kuangalia mlango, basi naumwa? Hapana. Kurudi mara moja kutikisa kufuli kabla ya safari ni akili timamu, na kupenda usafi si maradhi. Jiulize yale mawili. Madaktari huangalia kama mawazo na vitendo hivyo vinakula zaidi ya saa moja kwa siku, au vinakutesa na kukukwamisha kazi, ibada na watu wako. Mimi naongeza lile la utulivu. Mtu wa kawaida akiona kufuli limefungwa, anaondoka na jibu lake. Mwenye OCD analiona limefungwa na bado jibu halimkai. Tena mara nyingi anajua kuwa anavuka mpaka. Kumwambia "acha basi" ni kumwongezea aibu.

Kuna sura nyingine isiyo na maji wala kufuli, na hii inawatesa watu kimya kimya. Baada ya mimi kuanza kuyasema haya, jirani mmoja alinifuata usiku akaniambia tangu ajifungue hapandi juu na mtoto, kwa sababu wazo humjia kwamba atamtupa uani. Alikuwa ameficha visu vyote vya jikoni. Dada yangu, mawazo ya kutisha yasiyoalikwa hupita katika vichwa vya watu wengi wazima kabisa. Kwa mwenye OCD hunasa, naye hushtuka, huona amekuwa muuaji, akaanza kuepuka na kukagua. Kule kuchukizwa nalo kunaonyesha kwamba hulitaki. Lakini ukisikia sauti zikikuamuru, au ukianza kutaka kujidhuru au kumdhuru mtu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usilale nalo.

Wanaohofia kwamba kwenda kwa daktari ni kuiacha dini, wajue kuwa Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuuzungumzia wasiwasi huu kama ugonjwa wa nafsi unaotaka tiba. Na sheria yenyewe ni nyepesi: yakini haiondolewi na shaka, na imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo haifiki hata lita. Nayajua haya kwa moyo. Ila hata hiyo kanuni niligeuza kuwa wimbo wa kujituliza, mpaka daktari akanikataza kuirudia.

Tiba yangu ilikuwa hii: kutawadha mara moja, kuondoka na shaka yangu, na kutorudi. Siku ya kwanza nilikaa uani moyo ukinidunda kama nimekimbizwa na punda. Sikuuliza, sikurudi. Baada ya kama nusu saa hofu ikashuka yenyewe, bila tone jingine la maji. Sikuwa nimewahi kuipa nafasi ya kushuka. Nilipewa na vidonge, fluoksetini, na nikaambiwa mapema kwamba huenda vikachukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi. Wiki ya tatu nilitaka kuvitupa. Usivitupe bila kumwuliza aliyekuandikia.

Aliyepata taabu zaidi ni mama. Aliambiwa kwamba kila "nimekuona" yake ilikuwa ikinirudisha bafuni, na kwamba kuanzia siku hiyo anijibu: "Hilo ni swali la ugonjwa, mwanangu, silijibu." Alilia njiani kurudi, akahisi ameambiwa aninyime penzi. Siku za mwanzo alikuwa akisema hivyo kisha anageuza uso, asinione ninavyotetemeka.

Kwa hiyo ukiamua kwenda, andika kwanza kwa siku tatu: umefanya nini, mara ngapi, dakika ngapi. Hakuna kipimo cha damu cha ugonjwa huu, daktari anategemea maelezo yako. Na yule anayekujibu nyumbani, awe mama, mume au dada, nenda naye, mwingie pamoja chumbani, naye aelekezwe jinsi ya kuacha kujibu.